Kopo la nyumbani na sanduku la kikundi: ni nani anayechagua ndani yetu?

Jambo hili nilitaka kulificha. Lakini wamama wawili wa kikundi chetu waliniambia: "Uliandike, maana si wewe peke yako." Basi ninaliandika.

Tangu miaka minne ninashika ufunguo mmoja wa sanduku la kikundi chetu cha akiba na mikopo, vikundi hivi tunavyoviita AVEC. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Katika miaka hiyo yote haijapotea hata franka mia. Wamama wananiamini, na mimi pia nilikuwa ninajiamini.

Lakini nyumbani nilikuwa na kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, nililiweka chini ya kitanda nyuma ya mfuko wa nguo. Ndani yake nilikusanya pesa ya shule ya binti yangu, ambaye yuko sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa, na kila mama anajua uzito wake. Kwa kuuza sambaza na kujinyima, nilikuwa nimefikisha franka za kutosha dola 60.

Siku ya posho moja nilibeba pesa yote mpaka soko la Kadutu ili niibadilishe iwe dola, kwa sababu niliogopa franka isishuke. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilikuwa na deni la makala ya kupikia, na mtoto wangu mdogo alikuwa na homa. Nilipomaliza kubadilisha, nikakutana na wifi yangu mbele ya meza ya vikwembe. Arusi ya familia ilikuwa imekaribia, na wanawake wote wa upande wa mume wangu walikuwa wamekubaliana nguo moja. "Kimebaki kimoja tu," muuzaji akasema. Wifi akaniangalia: "Mama, utasimama peke yako ndani ya picha?" Nikafungua mkoba. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kikwembe kizuri cha dola 35, na ndani ya kopo nikarudisha dola 25.

Siku kumi baadaye binti yangu alirudishwa kutoka shule juu ya malipo. Akaweka mfuko wake wa vitabu chini. Hakulia. Akauliza tu: "Mama, ulichagua kikwembe kuliko mimi?"

Sikuweza kumjibu. Kama ningesema "Hapana," ningedanganya, maana mkono uliolipa ni wangu. Kama ningesema "Ndiyo," ningedanganya pia, maana hakuna siku niliyoketi nikapima mtoto na kikwembe, kisha nikachagua kikwembe. Basi ni nani aliyechagua? Na namna gani mwanamke yule yule ni mwaminifu mbele ya sanduku la kikundi, lakini anashindwa na kopo lake mwenyewe?

Majibu matatu ya wamama

Kwenye mkutano uliofuata niliomba neno nikaeleza yote. Wamama walinyamaza, kisha maneno yakaanza kutoka kila upande, na ukiyakusanya yalikuwa matatu.

Wa kwanza walisema: "Ni tabia. Anayetaka anaweza. Ulikuwa na miguu, ungeondoka."

Wa pili walisema: "Musimulaumu. Kitu kikimushika mutu, hana nguvu tena. Ni kama mkono unajiendea wenyewe."

Wa tatu walisema: "Ni umaskini. Mwenye dola elfu hawezi kulia juu ya dola 35."

Niliona kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja lililonitosha. Nikamwendea mwalimu mmoja anayefundisha saikolojia, akanitafutia maandishi ya wataalamu na kunifasiria yale ya Kiingereza. Ninawaletea hapa yale niliyoyaelewa, kwa maneno ya sokoni na ya jikoni.

Je, mkono unajiendea wenyewe?

Tuanze na jibu la pili, maana ndilo linaloogopesha. Kama mkono unajiendea wenyewe, basi hakuna anayechagua, na hakuna wa kuombwa msamaha.

Mwaka 1983, mtaalamu wa ubongo aliyeitwa Benjamin Libet na wenzake wa San Francisco, Marekani, walitangaza jaribio ambalo watu wanabishana juu yake mpaka leo. Waliketisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka mbio, wakawawekea nyaya ndogo kichwani ili kupima umeme wa ubongo. Kazi ilikuwa nyepesi. Kila mtu aliambiwa akunje mkono wakati wowote anaotaka mwenyewe, kisha aseme nukta ilikuwa wapi wakati alipojisikia kutaka kuukunja.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Watu walijisikia kutaka karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla ya mkono kusogea. Lakini umeme wa ubongo ulikuwa umeanza kupanda mapema zaidi, karibu nusu sekunde kabla ya mkono. Yaani ubongo ulianza kutayarisha jambo kabla mwenyewe hajajua kwamba analitaka. Ni kama mama anayeamka na kusema "Niwashe moto," kumbe jikoni maji yameanza kupata joto.

Watu wengi waliposikia hayo walisema: basi, uhuru wa kuchagua haupo, sisi tunaangalia tu kazi ambayo ubongo umekwisha kuamua. Lakini Libet mwenyewe hakusema hivyo. Alisema kwamba kati ya kujua na kutenda kunabaki nafasi ndogo sana, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kuzuia. Hamu inakuja bila kuitwa, lakini bado unaweza kuifungia mlango.

Kisha, mwaka 2012, Aaron Schurger na wenzake walioko Ufaransa walitoa maelezo mengine. Walionyesha kwamba umeme ule unaweza kuwa si amri hata kidogo. Umeme wa ubongo hupanda na kushuka saa zote, kama mawimbi madogo ya ziwa. Mtu asiye na sababu ya kukunja mkono sasa ao baadaye, anaukunja pale wimbi linapofika juu. Kwa maelezo hayo, ubongo haukuamua kabla ya mtu. Ulikuwa tu katika mwendo wake wa kawaida.

Wataalamu bado hawajapatana. Lakini mimi mama nimeona jambo moja: jaribio lile lilihusu kukunja mkono, kitu ambacho hakina faida wala hasara. Hakuna mtoto aliyerudishwa shule kwa sababu mkono ulikunjwa mapema. Mambo makubwa ya maisha yetu hatuyaamui kwa nusu sekunde. Tunayabeba siku nyingi, tunayalalia, tunamuuliza dada ao jirani. Kwa hiyo siwezi kumwambia binti yangu kwamba mkono ulijiendea wenyewe. Hata hivyo, ninakubali kwamba mbele ya meza ile hamu ilikuja kabla ya mawazo. Ilinipata bila silaha.

Kichwa kilichojaa

Sasa tuangalie jibu la tatu, la umaskini. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake watatu walitangaza utafiti walioufanya kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hapati pesa kila juma. Anaipata kwa wingi baada ya mavuno, na miezi inayotangulia mavuno ni miezi ya madeni na ya kuweka vitu rehani. Watafiti waliwapa wakulima mafumbo ya kupima akili mara mbili: mara moja kabla ya mavuno, mara nyingine baada yake.

Mkulima yule yule alifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Hakuwa amesoma darasa lolote katikati. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya mavuno sehemu ya kichwa chake ilikuwa imeshikwa na hesabu za madeni, na sehemu iliyobaki kwa mafumbo ilikuwa ndogo.

Ni haki pia niseme kwamba utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliofanywa Marekani kwa watu wa kipato kidogo kabla na baada ya siku ya mshahara, haukuona tofauti hiyo ya akili. Pengine siku chache za kungojea mshahara si sawa na miezi ya kungojea mavuno. Lakini mimi nilipowasoma wakulima wale wa India nilijiona. Siku ile ya posho kichwa changu kilikuwa na deni la makala, homa ya mtoto, bei ya dola na njaa. Kila kimoja kilishika kiti chake. Shule ya binti yangu haikutoka moyoni mwangu, lakini kichwani haikupata mahali pa kuketi.

Hilo linapaswa kutufundisha kusemana kwa upole. Mama akisahau siku ya chanjo, ao akikopa mahali pabaya, tunasema haraka kwamba hana akili. Pengine akili anayo, ila imejaa. Lakini umaskini nao haujibu swali langu lote. Mimi ni maskini yule yule siku ya mkutano wa kikundi, na ufunguo wa sanduku ninaushika vizuri.

Mtoto anayengoja

Linabaki jibu la kwanza: tabia. "Anayetaka anaweza." Wengi wetu ndivyo tunavyolea watoto. Mwenye kujizuia tunasema ni mwema, asiyejizuia tunasema ameharibika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Walter Mischel alianza kupima namna watoto wadogo wanavyongoja. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa: "Unaweza kula hiki sasa. Lakini ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili." Kisha mtu mzima anatoka nje. Watoto wengine walikula mara moja, wengine walingoja.

Ajabu ni namna walivyongoja. Waliofaulu hawakukaa wakitazama kitu kile na kukaza meno. Walifunika macho, walijigeuza, waliimba, walicheza na vidole vyao. Mischel aliona kwamba kitu kikifunikwa watoto wanangoja muda mrefu zaidi, na kwamba mtoto anaweza kufundishwa kugeuza mawazo. Kwa hiyo hata mtoto mdogo hashindi hamu kwa kupigana nayo uso kwa uso. Anashinda kwa kuisogeza mbali.

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa chuo kikuu cha Rochester waliongeza swali lingine: je, mtoto anangoja kwa sababu ana tabia nzuri, ao kwa sababu anamwamini yule aliyemwahidi? Walichukua watoto 28. Kabla ya jaribio la kitu kitamu, mtu mzima aliahidi kuwaletea vifaa vizuri zaidi vya kuchora. Kwa nusu ya watoto alirudi navyo kama alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Kisha ndipo walipopewa kitu kitamu na kuambiwa wangoje.

Watoto walioona ahadi ikitimizwa walingoja kama dakika 12. Walioona ahadi ikivunjwa walingoja kama dakika 3. Mtoto aliyekula haraka hakuwa mjinga wala mlafi. Alikuwa amefanya hesabu: "Mtu huyu anasema, hatimizi. Nile kabla hakijaondoka."

Wamama, hapa niliweka karatasi chini nikafikiri. Mara ngapi tunasema "Nitakuletea mkate nikirudi soko," na tunarudi bila mkate? Mara ngapi mtoto anatunza franka mia mbili zake kisha mkubwa anazikopa bila kuzirudisha? Kisha tunashangaa kwamba mtoto hajui kutunza. Uwezo wa kungoja unakua katika nyumba ambamo kungoja kuna faida. Na utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kungoja kwa mtoto wa miaka minne hakutoi ubashiri wenye nguvu juu ya maisha yake ya baadaye, ukikwisha kuhesabu hali ya nyumba anamotoka. Basi tusiwape watoto majina mabaya mapema.

Siri ya sanduku

Sasa ninarudi kwenye kopo na sanduku. Juu ya nini sanduku linanishika mkono na kopo halinishiki?

Vikundi vyetu vya AVEC vina historia. Namna hii ya kuweka akiba ilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, pamoja na shirika la CARE, kati ya wanawake wa vijijini. Kutoka pale ilienea katika nchi nyingi za Afrika, mpaka huku kwetu. Sanduku lenye kufuli tatu linajulikana popote vikundi hivi vilipo. Mlinzi wa sanduku hana ufunguo. Wenye funguo hawalazi sanduku nyumbani kwao. Linafunguliwa mbele ya macho ya wote, siku ya mkutano tu.

Fikiri vizuri. Kufuli zile hazikuwekwa kwa sababu wanawake wote ni wezi. Ziliwekwa na wanawake wenyewe, siku ambayo hawakuwa na njaa wala wifi pembeni yao, kwa sababu walijua siku nyingine itafika. Kufuli ni uamuzi uliochukuliwa mapema na kichwa kilichotulia, kwa ajili ya saa ambayo kichwa hakitatulia. Siku ya mkutano mimi sishindani na hamu yoyote. Ushindani ulikwisha siku tulipopitisha kanuni.

Kopo langu halikuwa na kanuni. Kila siku lilinitaka niamue upya, na kila siku hamu ilikuwa na nafasi mpya. Mwenye kushinda mara mia moja anahitaji kushindwa mara moja tu.

Huko magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio na wanachama wa vikundi kama likelemba zetu, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Watu wengine walipewa sanduku dogo la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, waweke humo pesa ya mambo ya afya ya nyumba. Hakuna aliyewazuia kulifungua. Hata hivyo, kuwa tu na mahali pa usalama pa kuweka pesa kuliongeza akiba yao ya afya kwa asilimia 66. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana kwa ajili ya afya vilifanya vizuri sana pia.

Namna gani kopo lenye kufuli linasaidia, wakati ufunguo uko mfukoni mwa mwenyewe? Kwa kuwa pesa ikiisha kuingia mle, ina jina. Shemeji akija kuomba, unaweza kusema bila haya: "Hii si yangu, ni ya dawa." Na unaweza kujiambia neno hilo hilo wewe mwenyewe, mbele ya meza ya vikwembe.

"Ikiwa hivi, basi vile"

Kuna kufuli nyingine isiyo ya chuma. Mtaalamu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba kusema tu "Nitajitahidi" hakusaidii sana. Kinachosaidia zaidi ni kupanga mapema kwa maneno haya: "Ikiwa jambo hili litatokea, basi nitafanya hili." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94, wakaona kwamba wanaopanga namna hiyo wanatimiza nia zao zaidi kuliko wale wanaobaki na nia tu.

Kwetu sisi inaweza kuwa hivi:

Ikiwa ninakwenda soko, basi ninabeba pesa ya chakula cha siku hiyo tu, na ninakula kabla ya kutoka.

Ikiwa ndugu ananiomba pesa, basi ninamwambia: "Nitakujibu kesho, kisha ya kuzungumza na baba wa watoto."

Ikiwa mtoto ananikasirisha mpaka mkono unapanda, basi ninatoka nje kwanza, ninachota maji, ndipo ninarudi kusema naye.

Haya ni maneno madogo. Lakini ukiyasema mapema, saa ya hatari haikukuti unatafuta la kufanya. Ile nafasi ndogo ambayo Libet alisema inabaki ya kuzuia, unakuwa umeitayarisha.

Uchaguzi unaonyang'anywa

Kabla ya kumaliza, mama mmoja wa kikundi alinionya: "Usiandike kana kwamba kila kitu kiko kichwani mwetu." Ana haki. Kuna mama ambaye pesa yake inachukuliwa usiku na mume. Kuna msichana aliyeolewa bila kuulizwa. Hao hawakushindwa kuchagua. Walinyimwa kuchagua.

Katika nchi yetu hata sheria ilikuwa hivyo. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliirekebisha na kuondoa ruhusa hiyo. Sasa, katika mambo yanayowafunga wote wawili, sheria inaomba mapatano ya bwana na bibi. Wamama wengi bado hawajui, na wababa wengi pia. Kulijua jambo hili ni sehemu ya uhuru wetu. Kichwa kinaweza kupanga vizuri namna gani, kama mlango wa nyumba umefungwa kutoka nje hakitafika mbali. Basi tunapomuuliza mwenzetu "Juu ya nini ulichagua hivi?" tuulize kwanza: "Ulikuwa na nafasi ya kuchagua?"

Jibu kwa binti yangu

Kikundi hakikunifukuza, wala hakikunipongeza. Kilinikopesha dola 35 kutoka mfuko wa msaada, nami nimezirudisha kwa miezi mitatu. Binti yangu alirudi shule baada ya kukosa majuma mawili, na hesabu za majuma yale zinamtesa mpaka leo. Siwezi kuyafuta. Kikundi kimekubali pia kwamba kila mama anayetaka aweke ndani ya sanduku bahasha ya shule yenye jina la mtoto, ifunguliwe tu kwenye mkutano unaotangulia malipo. Mpaka leo wamama kumi na mmoja wameweka bahasha.

Siku moja jioni, tukichambua sambaza, nilimjibu binti yangu. Nilimwambia: "Uliniuliza kama nilichagua kikwembe kuliko wewe. Ndiyo, ni mimi niliyelipa, si mtu mwingine, na ninakuomba msamaha. Mbele ya meza ile sikuwa na nguvu nyingi. Lakini asubuhi, kabla sijatoka nyumbani, nguvu nilikuwa nazo, na ndipo nilipokosa: nilibeba pesa yako yote na tumbo tupu. Sasa nimebadilisha asubuhi."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi tuweke kufuli kwenye kopo pia."

Tuliliweka. Fundi wa soko alilitoboa akalipa kifuniko cha chuma, na ufunguo unakaa kwa jirani yangu, ambaye naye ufunguo wa kopo lake unakaa kwangu. Hesabu anaziandika binti yangu mwenyewe ndani ya daftari, kila siku ya yenga jioni. Juma lililopita aliniambia tumebakiza dola 12.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni saa gani ya siku, ao siku gani ya juma, unajiona unachagua vibaya zaidi? Saa hiyo unakuwa na njaa, usingizi ao deni gani?

2. Ni uamuzi gani unaweza kuuchukua mapema, kichwa kikiwa kimetulia, ili usirudi kuamua kila siku?

3. Ni ahadi gani ndogo uliyomwahidi mtoto juma hili? Utaitimiza siku gani?

4. Kati yetu, ni nani ambaye hana nafasi ya kuchagua nyumbani kwake? Kikundi kinaweza kumsindikiza namna gani?